Maziwa ya Mtoto wa Nne

Asubuhi niliyotolewa nyuzi za mshono, Sista Mizani alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu. Sista huyu huwa haketi. Sisi akina mama wa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi aliwapima watoto wetu kwa mizani, na tulikuwa tukitaniana kwamba akikukazia macho anaweza kukutajia hata dhambi zako kwa gramu. Alipoketi nilijua kuna neno.

Aliniuliza kwanza kama nimemeza vidonge vya kukausha maziwa. Nikamwambia bado. Vilikuwa juu ya kabati tangu jana yake, ndani ya bahasha yao ndogo, na kila nilipovitazama nilikumbuka jambo jingine la kufanya. Mwanangu alikuwa amefariki siku nne zilizopita, baada ya kuishi siku tisa. Mume wangu alikwenda kumzika bila mimi kwa kuwa mshono wa upasuaji ulikuwa haujapona na daktari alinikataza safari. Lakini maziwa hakuna aliyeyapelekea habari. Kila baada ya saa tatu, saa zilezile tulizokuwa tukimlisha, yalikuja yakalowesha gauni la hospitali, nami nikageukia ukutani mtu asinione.

Kisha Sista akanieleza habari za Mtoto wa Saba. Wodini watoto huitwa kwa namba za vitanda vyao, na mama huitwa kwa namba ya mwanawe. Mimi nilikuwa Mama Nne. Mama Saba nilikuwa sijapata kumwona. Alijifungua huku kifafa cha mimba kimemshika, akapandishwa moja kwa moja ghorofani kwa wagonjwa mahututi, na mpaka siku hiyo alikuwa hajafumbua macho. Mtoto wake alikuwa na gramu elfu moja mia moja na ishirini. Maziwa ya kopo yalikuwa yamemvimbisha tumbo mara mbili. Alikuwa akiishi kwa dripu, lakini mishipa ilikuwa imekwisha. Walishachoma mikono, wakachoma miguu, na ule mmoja wa kichwani ulikuwa umepasuka muda mfupi tu uliopita. Sukari yake ilikuwa inashuka. Daktari alitaka apewe maziwa ya mama saa sita mchana, mililita tatu, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Saa tisa angerudi kutazama. Tumbo likiyakubali, mtoto abaki. Likiyakataa, aingizwe kwenye gari apelekwe hospitali kubwa akatafutiwe mshipa kwa upasuaji. Wote wawili tulijua kwamba mtoto wa uzito ule hawezi safari ile.

Vipimo vyangu vya damu vilikuwa kwenye faili, vyote safi. Baba wa mtoto alikuwa ameshaombwa na ameshakubali. Nilikuwa nimebaki mimi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amekuja kunichukua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na chupa ya chai mapajani, na alisikia kila kitu ingawa alijifanya anahesabu vigae vya sakafu. Sista alipoondoka kunipa nafasi ya kuwaza, shangazi hakunipa. Alisema hospitali haina haya, kwamba mtu aliyefiwa hupewa pole, hapewi kazi. Halafu akashusha sauti.

"Mtoto huyo akifa na maziwa yako tumboni, mwanangu, utafanyaje? Wa kwanza hata kumzika hukumzika."

Alikuwa amelitamka lile lile nililokuwa nalo kifuani. Ningependa kusema nilikubali kwa moyo mkunjufu, lakini ukweli ni kwamba mimi ni mtu asiyejua kukataa. Hata dukani hupewa nisichokiomba nikashukuru. Sista aliporudi nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, na papo hapo nikaanza kujuta.

Chumba cha kukamulia maziwa kina viti vinne vya plastiki, sinki, saa ya ukutani na picha za namna ya kunawa mikono. Unanawa mpaka viwiko. Unakausha kwa karatasi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nane kwa siku, siku tisa, na mikono yangu ilifanya tena bila kuniuliza. Nilipoketi nikaupa mlango mgongo, na Sista Mizani akacheka kidogo.

"Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Geuka upate mwanga."

Maziwa yalitoka haraka, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika. Yalipata kama mililita ishirini. Nilifunika chupa, nikachukua kalamu, nikaandika karatasi ya jina, nikabandika, nikaipitisha chupa kwenye kidirisha cha wodini kama kawaida. Ilikuwa saa tano na robo. Shangazi, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni, alisema basi, kazi imekwisha, twende zetu. Nami kidogo nikapumua.

Kwenye wodi ile maziwa hayapewi mtoto mpaka watu wawili wasome. Mmoja anasoma chupa, mwingine anasoma utepe uliofungwa kwenye kifundo cha mtoto, na kila mmoja anasema kwa sauti. Kwa kuwa Mama Saba hakuwapo, aliyesoma utepe alikuwa baba wa mtoto. Huyo alikuwa fundi bomba, mtu mrefu mwenye mikono iliyochubuka, aliyejikunja ndani ya joho la kijani la wageni kama anayeogopa kugusa hewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo. Nilimwona akiinama kwenye kisanduku cha joto.

"Saba," akasema.

Sista Mizani aliigeuza chupa kwenye mwanga. Akaitazama tena. Kisha akasoma kama sheria inavyomtaka.

"Nne."

Nilikuwa nimeandika Mtoto wa Nne.

Nilizunguka nikaingia ndani bila joho, nikarudishwa mlangoni, nikaomba radhi, nikaomba nipewe kalamu nisahihishe. Nilisema maziwa ni yangu, kila mtu ameona yakitoka, ni mkono tu uliozoea. Fundi bomba naye akaunga mkono, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye haoni tatizo. Sista alitikisa kichwa. Uso wake haukuwa mkali. Aliniambia kuwa karatasi ikishabandikwa haibandikwi nyingine juu yake, kwa mtu yeyote, hata kwa mwanawe mwenyewe.

"Leo nitabandika juu kwa sababu nakujua," akasema. "Kesho nitabandika kwa nisiyemjua. Yamwage, mama, ukamue mengine. Chupa lazima iingie kwenye maji ya moto saa sita kasoro robo kuua vijidudu, ndipo ipoe, ndipo anywe. Una robo saa."

Shangazi alisema maji yakimwagika hayazoleki, na mara moja akajiziba mdomo, maana hata yeye alisikia ilivyosikika.

Niliyamwaga mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine ayamwage. Nilisimama mbele ya sinki na ile chupa yenye maandishi yangu, nikawaza kwamba ndiyo mara ya mwisho mtu kuandika maneno yale, na kwamba karatasi haikuwa imesema uongo. Yalikuwa ya kwake. Yalitoka saa yake. Niliyamwaga taratibu, yakapita meupe kwenye tundu, nikafungulia maji. Sikulia. Nilikuwa na hofu kubwa mno ya kulia. Saa ilikuwa inasoma tano na dakika thelathini na mbili.

Nikanawa mpaka viwiko. Nikaketi. Nikakamua, na hakikutoka kitu.

Titi lililokamuliwa punde huwa bado lina cha kutoa, hilo nalijua, Sista alitufundisha. Nililisugua kwa ncha za vidole kutoka juu kuja chini, nikainama, nikapumua kama tulivyoonyeshwa. Tone moja lilitokeza, likasimama hapo hapo, halikudondoka. Shangazi aliniletea chai nikanywa nusu kikombe. Akasema subira huvuta heri. Akasema mja hachoki kuomba. Akasema Mungu hamtupi mja wake. Kila methali ilipoingia, mabega yangu yalipanda, mpaka nikamwomba, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mkubwa, anyamaze kidogo. Akanyamaza. Nikaona aibu juu ya hofu.

Tano na dakika thelathini na saba.

Kupitia kioo nilimwona fundi bomba amesimama pale pale. Alikuwa ameingiza kidole kimoja kwenye dirisha la kisanduku na hakumgusa mtoto, alikiweka tu karibu. Nikafumba macho nisimwone. Hofu hukausha maziwa, Sista alikuwa akisema hivyo kila siku, na hakuna neno linaloogopesha kama hilo ukiwa unaogopa.

Nilitaka kuomba. Lakini katika siku zile tisa nilikuwa nimeomba mpaka maneno yakachakaa. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata sasa naona haya kuyataja. Nilipatana naye kama mtu wa sokoni, nikaongeza, nikapunguza, nikaongeza tena. Na asubuhi ya siku ya tisa Sista Mizani alikuja bila mizani yake. Tangu hapo nilikuwa sijafungua kinywa kwa Mungu. Sikuwa na hasira. Niliogopa tu kwamba nikiomba tena, jibu litakuwa lile lile.

Basi sikuomba. Nilikaa na chupa tupu mkononi, macho yamefumbwa, na kilichokuja kilikuwa kwikwi.

Mwanangu alikuwa na kwikwi. Kila alipokwisha kunywa zilimshika, na kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko kiganja, mwili mzima uliruka kwa kila moja, kisha alitulia na kukunja uso kama mzee aliyeudhiwa kwenye kikao. Siku ya tatu nilizihesabu zikafika arobaini. Nilikuwa nimezisahau. Katika siku zile nne baada yake nilikumbuka mirija, taa ya bluu, rangi ya kucha zake asubuhi ile. Kwikwi zilikuwa zimefichwa nyuma ya hayo yote. Zikaja sasa, na nyuma yake ikaja soksi aliyokuwa akiivua kwa mguu wa pili, kila siku ile ya kushoto, hata tungeifunga vipi. Ikaja siku ya sita nilipowekewa kifuani kwa mara ya kwanza, ngozi kwa ngozi, naye akalala akikoroma, kiumbe cha gramu mia tisa kinakoroma, na Mama Mbili aliyekuwa jirani akauliza ni nani kaleta baba yake wodini.

Nilianza kumsimulia Mungu. Nasema kusimulia kwa sababu sikumwomba chochote. Nilimwambia habari za kwikwi kana kwamba hakuwapo, halafu nikakumbuka kwamba alikuwapo, kwamba hizo kwikwi ni yeye na mimi tu tuliozihesabu zote. Na pale nikasema asante. Ilitoka yenyewe. Nikasema asante kwa soksi. Asante kwa kukoroma. Asante kwa siku ya kwanza, nikaendelea ya pili, na nilipofika ya tisa nilidhani nitakwama, nikasema asante kwa hiyo pia kwa kuwa alikuwa hai mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri na mkono wangu ulikuwa naye.

Kitu kikafunguka. Sina namna bora ya kukisema. Kilianzia chini ya mbavu kikapanda, chenye joto, kikanijaza mpaka masikioni, na nilikitambua kuwa ni furaha nikashtuka kama mwizi aliyewashiwa taa. Mwanangu ana siku nne kaburini. Nilijaribu kuirudisha furaha ile ilikotoka. Haikurudi. Huzuni ilikuwa bado ipo, nzima, haikupungua hata gramu, lakini ile nyingine ilikaa nayo kitini, na mimi nilikuwa katikati yao.

"Unacheka nini?" Shangazi alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mlango kwa macho ili amwite daktari.

"Namshukuru Mungu kwa kwikwi."

"Kwikwi za nani?"

"Za mwanangu, shangazi. Hukuziona. Alikuwa akiruka mwili mzima."

Shangazi alinitazama sana. Nilidhani ataita mtu. Badala yake macho yake yalishuka, akaninyooshea kidole, akasema kwa kunong'ona nishike chupa vizuri, yanapotea.

Yalikuwa yakitoka pande zote mbili. Upande nisioukamua ulikuwa umeshalowesha gauni mpaka kiunoni. Nilikinga chupa, na kwa mara ya kwanza sikugeukia ukuta. Ilipofika mililita kumi nilifunika. Niliandika karatasi huku shangazi akisoma juu ya bega langu, herufi kwa herufi, ingawa alikuwa hana miwani. Mtoto wa Saba. Sista Mizani aliichukua ikiwa saa sita kasoro dakika kumi na saba, akaiingiza kwenye maji ya moto bila kuniangalia.

"Saba," alisema fundi bomba saa sita.

"Saba," alisoma Sista.

Mtoto wa uzito ule hanyonyi. Ana mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Sista aliunganisha bomba la sindano lisilo na kisukumio, akamimina mililita tatu, akaliinua juu ya mtoto kama urefu wa mkono. Hakuna anayesukuma. Maziwa hushuka yenyewe. Fundi bomba alilitazama lile bomba kwa makini, uso ukamlegea kidogo, akasema kumbe ni kama tangi la juu ya paa. Sista akamwambia ndivyo, na ukiliinua sana yanakwenda mbio yakamtapisha, ukilishusha yanasimama. Akamwonyesha. Halafu akanitazama mimi mlangoni.

"Mama Nne, vaa joho uje ushike. Mkono wako unajua kimo."

Ulikuwa unajua. Nilishika. Mstari mweupe ulishuka polepole, ukasimama mtoto alipokunja tumbo, kisha ukashuka tena. Ilichukua dakika nane. Sikumwona mtoto vizuri, niliona sikio tu, dogo, lenye manyoya kama tunda la pichi. Niliogopa kumtazama zaidi ya hapo.

Kisha tukangoja saa tatu.

Furaha ile haikuwa imeniondolea hofu, nisidanganye. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi na kila mlango ulipofunguliwa niliinuka. Nilikwenda kiooni mara sita. Kila nilipokwenda nilimkuta fundi bomba ameshika utepe wa kupimia, ule wa kuzungushia tumbo la mtoto, anaukunja na kuukunjua. Aliniambia kila nusu saa Sista anapima na anaandika. Aliniambia mkewe anapenda kuimba akipika na kwamba hajui kuimba. Nilimwambia wangu alikuwa akikoroma. Hakusema pole. Aliuliza alikuwa akikoroma vipi, nami, ambaye kwa kawaida siwezi kumwambia mtu nisiyemjua hata ni saa ngapi, nilimwigia mkoromo ule pale pale ukumbini. Alicheka mpaka akafunika macho. Nilijua hakuwa anacheka tu.

Shangazi alikuwa akituangalia kutoka kwenye benchi. Baadaye aliniuliza kama lile jambo la chumbani bado ninalo. Nilimwambia liko, linakuja na kuondoka. Akauliza kama linauma. Nikasema ndiyo, sana. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa dawa asiyoijua, akanimiminia chai iliyokwisha kupoa.

Saa tisa kasoro dakika tano daktari alipita mbele yetu akaingia. Shangazi alinishika mkono, na wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Tulisimama kiooni watatu. Sista Mizani alizungusha utepe, akasoma, daktari akaandika. Kisha akaunganisha bomba kwenye ule mpira wa puani, akavuta taratibu ili kuona kilichobaki tumboni. Mara mbili zilizopita, fundi bomba alinong'ona, hapo ndipo maziwa yote yalirudi, mabichi, yenye rangi ya kijani.

Sista alivuta. Akangoja. Akavuta tena. Bomba lilibaki tupu.

Fundi bomba hakuelewa. Aligonga kioo kwa kucha, na Sista alipokuja mlangoni alimuuliza, akijikwaa kwa maneno, kutokuwa na kitu maana yake nini, yamekwenda wapi.

"Maana yake ana njaa," akasema Sista Mizani. "Gari haliji. Daktari anataka mililita nne." Kisha akanigeukia. "Nimesikia unaondoka leo."

Nilimtazama shangazi, ambaye alikuwa ameshatoa simu. Alikwenda mwisho wa ukumbi kumpigia mume wangu, na nilipokuwa nakunja mikono ya gauni niende kunawa nilimsikia akisema kwamba hapana, hakuna kilichoharibika, kwamba hatutakuja, labda kesho, labda hata kesho kutwa.

"Sijui nikueleze vipi, baba," akasema. "Analia na anafurahi. Njoo tu umwone mwenyewe."